Filamu ya Upelelezi Katika Picha Mnato: Lance Spearman, Morogoro na Mipaka ya Historia ya Filamu Tanzania

Utangulizi

Historia ya filamu nchini Tanzania imezoea kufuata mkanda. Palipo na mkanda pana sura ya kitabu. Pasipo na mkanda mwandishi hupita upesi, akieleza kwamba tasnia ilikuwa changa au kwamba fedha hazikuwapo. Kwa kipimo hicho, filamu ya zamani ya upelelezi, ile ya gharama ndogo yenye maiti, washukiwa na mpelelezi mwenye kofia, haina historia katika nchi hii. Filamu za kubuni zinazotajwa mara kwa mara kuhusu miaka ya 1970 na 1980 ni kama Fimbo ya Mnyonge, iliyojishughulisha na siasa ya ujamaa vijijini, na Harusi ya Mariamu ya mwaka 1985, iliyojishughulisha na uganga wa jadi. Ndani yake hamna mpelelezi.

Hata hivyo, kijana wa Kitanzania wa mwaka 1970 alijua vema filamu ya upelelezi ni kitu gani. Alikuwa na shujaa wake, alijua silaha anazotumia, kinywaji anachokunywa na gari analoendesha, na alisubiri toleo lijalo ili ajue kama shujaa huyo ametoka salama katika mtego aliotegewa. Filamu hiyo ilikuwa ya karatasi. Makala haya yanahoji kwamba jarida la picha lililoitwa African Film, pamoja na lile la Kiswahili lililolifuata, Film Tanzania, yanapaswa kusomwa kama sehemu ya historia ya filamu na si kama pambizo la historia ya magazeti. Sababu ya hoja hii haimo katika jina la majarida hayo tu. Hadithi ya upelelezi inamtaka mtazamaji afikiri mbele ya mpelelezi: apime ushahidi, amshuku huyu, amwache yule. Kwa muda wa miaka ishirini na zaidi watengenezaji wa filamu wa kikoloni walikuwa wakidai kwamba Mwafrika hawezi kufanya hivyo.

Suala hili linatazamwa hapa kutoka Morogoro na milima ya Uluguru. Mji huu ulifikiwa na reli kutoka Dar es Salaam mwaka 1907 na ni njia panda ya barabara za Iringa na Dodoma, kwa hiyo bidhaa nyepesi ya mjini, gazeti likiwamo, haikukosa njia ya kuufikia. Nyuma ya mji unapanda mlima, na mlimani mambo hubadilika. Mtafiti anayepanda kwa miguu kutoka bondeni hadi vijiji vya juu vya Mgeta huelewa haraka kwa nini mashine ya sinema, pamoja na jenereta yake, haikupanda naye.

Mtazamaji aliyedhaniwa hawezi kufikiri

Jaribio kubwa la kwanza la kutengeneza filamu kwa ajili ya Waafrika wa Afrika Mashariki lilifanyika Tanganyika kati ya mwaka 1935 na 1937, Vugiri katika milima ya Usambara, chini ya L. A. Notcutt na G. C. Latham. Fedha nyingi zilitoka katika Shirika la Carnegie la Marekani. Notcutt alikuwa amewahi kusimamia mashamba ya mkonge, na uzoefu huo unaonekana katika filamu 35 zilizotengenezwa: zinazungumzia kilimo, minyoo, kodi, malaria ya watoto. Mojawapo ilihusu akiba ya posta. Mfanyakazi mmoja anapeleka mshahara wake posta. Mwenzake anaufukia ardhini, mwizi anaufukua. Kwa kiasi fulani hiyo ndiyo filamu ya uhalifu ya mwanzo katika nchi hii, lakini haina fumbo lolote. Mtazamaji anaonyeshwa mwizi, anaonyeshwa wizi, kisha anaonyeshwa posta. Hakuachiwa kitu cha kutafuta.

Upungufu huo haukutokana na uhaba wa fedha. Filamu za Vugiri zilikuwa za gharama ndogo kweli, zilipigwa kwa mkanda mwembamba wa milimita 16 na sauti yake ikawekwa katika sahani za santuri, lakini fumbo halihitaji fedha. Lililokosekana ni imani. Mwaka 1939 serikali ya Uingereza iliunda Kitengo cha Filamu cha Makoloni, na mtayarishaji wake mkuu, William Sellers, akaweka kanuni ambazo ziliongoza kazi hiyo kwa miaka mingi: picha ikae muda mrefu, tukio lifuate tukio bila kuruka, kamera isisogee ovyo, hila za sinema ziepukwe, kwa kuwa mtazamaji wa Kiafrika angechanganyikiwa. Ukiziangalia kanuni hizo kwa jicho la mwandishi wa hadithi za upelelezi, utaona kwamba kila kinachokatazwa ndicho kiini cha utanzu huo. Upelelezi huishi kwa kuruka wakati, kwa kuficha sura ya mtu, kwa kuonyesha kitu kidogo mezani na kutosema chochote juu yake.

Mwanzoni mwa miaka ya 1950 serikali ya Tanganyika ilishirikiana na kampuni ya African Film Productions ya Johannesburg kutengeneza filamu za Kiswahili za kuburudisha. Muhogo Mchungu, ambamo Rashidi Kawawa, waziri mkuu wa baadaye, aliigiza, ni kisa cha mshamba anayeingia mjini na kukutana na wajanja. Hapa utapeli umeingia, na kicheko pia. Mtazamaji, hata hivyo, bado anajua zaidi ya mhusika. Anamcheka kwa sababu yeye ameuona mtego kabla. Kazi ya kuutafuta haikuwa yake.

Inafaa kukumbuka kilichokuwa kikitokea Uluguru katika miaka hiyohiyo. Kuanzia mwaka 1950 serikali ilitekeleza mpango wa matumizi ya ardhi uliowalazimisha Waluguru kuchimba matuta ya ngazi kwenye miteremko. Maofisa walichukulia kwamba wakulima hawaelewi mmomonyoko na kwamba wakielekezwa kwa uvumilivu wataelewa. Wakulima wa maeneo kadhaa walikuwa wameshapima jambo lenyewe kwa macho yao: mahali ambapo udongo wa juu ni mwembamba, kuuchimbua ili kujenga tuta kulileta juu udongo usiozaa, na mavuno yakapungua. Mpango huo uliishia katika machafuko ya Matombo mwaka 1955 na ukaachwa. Sisemi kwamba matuta na sinema ni jambo moja. Nasema kwamba dhana ya mtu asiyeweza kusoma ushahidi ulio mbele yake ndiyo iliyotawala katika yote mawili.

Mzimu na mpelelezi

Waliovunja dhana hiyo kwa mara ya kwanza katika utanzu huu walikuwa waandishi. Muhammed Said Abdulla wa Zanzibar alishinda shindano la uandishi la mwaka 1957/58 kwa Mzimu wa Watu wa Kale, riwaya iliyochapishwa mwaka 1960. Bwana Ali Bomani ameuawa, na maiti yake imekutwa mahali ambapo watu huheshimu mizimu. Bwana Msa, mtu wa kiko na maswali machache, anakataa kuridhika na jibu lililo karibu. Wahakiki wameonyesha sana deni la Abdulla kwa Sherlock Holmes, na deni hilo lipo. Lakini kuweka mauaji penye mzimu ni uamuzi ambao Holmes hakumfundisha. Kwa msomaji wa pwani na bara, mzimu ulikuwa tayari ni maelezo kamili ya kifo. Mpelelezi alipaswa kuyashinda maelezo hayo, tena bila kuwadharau wanaoyaamini.

Msomaji wa Uluguru aliipokea riwaya kama hiyo akiwa na hazina yake mwenyewe. Pango la Kolelo katika milima hiyo lilikuwa mahali pa kuombea mvua na mavuno, na heshima yake ilivuka mlima hadi Ukutu na Uzaramo. Hammie Rajab, mmoja wa waandishi hodari wa riwaya pendwa, aliita mojawapo ya kazi zake Miujiza ya Mlima Kolelo, jina linaloonyesha jinsi mlima huo ulivyobaki chemchemi ya taharuki hata katika vitabu vya bei nafuu. Huwezi kueleza mvuto wa upelelezi Morogoro kwa kuanzia London peke yake.

Mwaka 1965 Faraji Katalambulla alichapisha Simu ya Kifo, na mambo yakaongeza kasi. Inspekta Wingo ni askari wa Dar es Salaam, si bwana wa kiko barazani. Mazungumzo ni mafupi, matukio yanakimbizana, na simu, chombo ambacho wakati huo kilikuwa katika ofisi na nyumba chache, inakuwa ndiyo mlango wa kifo. Ukisoma kurasa zake unahisi kwamba mwandishi amekaa sana katika ukumbi wa sinema. Katalambulla tutakutana naye tena.

Spear na hesabu ya gharama

African Film lilianza kutoka mwaka 1968 na kukoma mwaka 1972. Lilichapishwa na Drum Publications, kampuni ya Jim Bailey iliyoanzia Johannesburg na ambayo magazeti yake yalisambazwa Afrika Magharibi kutoka Lagos na Afrika Mashariki kutoka Nairobi. Shujaa wake ni Lance Spearman, au Spear kwa kifupi: kofia, tai ya kipepeo, biga, wiski, gari la kasi, ngumi. Sura yake ilitolewa na Jore Mkwanazi, aliyekuwa akipiga piano klabuni kabla ya kuchaguliwa. Msaidizi wake ni Sonia. Kijana wao ni Lemmy. Mtu wao polisi ni Kapteni Victor. Wahalifu wake, akina Rabon Zollo na Countess Scarlett, walirudi toleo baada ya toleo. Matthias Krings, katika kitabu chake cha mwaka 2015 kuhusu namna Waafrika walivyochukua na kugeuza vitu vya wengine, amemsoma Spear kama James Bond mweusi, na usomaji huo ni sahihi kadiri unavyokwenda.

Ninachotaka kuongeza ni hesabu. Sekunde moja ya filamu ya kawaida huhitaji picha 24. Tuchukulie toleo la jarida lenye kurasa 30, na kila ukurasa picha 6: jumla ni picha 180. Kwa mkanda wa sinema, hizo ni sekunde 7 na nusu. Kwa kiasi kile cha picha ambacho mtengenezaji wa sinema angekitumia kumwonyesha mtu akivuka barabara, jarida la picha lilisimulia mauaji, ufuatiaji, mapigano na nusu ya ungamo. Ongeza hapo kwamba hakuna sauti ya kurekodi, mwigizaji hahitaji kukariri maneno kwa kuwa yataandikwa katika viputo, na picha iliyoharibika hurudiwa yenyewe bila kuharibu iliyotangulia. Nchini Tanzania, ambako mikanda ililazimika kusafirishwa nje ili kusafishwa, tofauti hii haikuwa ndogo. Ilikuwa tofauti kati ya kutengeneza na kutotengeneza.

Gharama ndogo iliunda pia mtindo. Picha mnato haiwezi kuonyesha ngumi ikisafiri. Inaweza kuonyesha mkono uliokunjwa, kisha mtu aliyeanguka. Katikati pana pengo, na pengo hilo hujazwa na msomaji. Kwa sababu sura haisogei, mhusika lazima atambulike kwa alama isiyobadilika, ndiyo maana kofia ya Spear inafanya kazi kubwa kuliko kofia ya mwigizaji yeyote wa sinema. Kwa sababu nafasi ni finyu, kidokezo hakiwezi kuelezwa mara mbili. Hapa ndipo kanuni za Sellers zilipovunjwa zote kwa pamoja, na waliozivunja ni vijana walionunua jarida hilo kwa fedha yao. Waliruka kutoka picha hadi picha, kutoka kona ya jengo hadi uso wa muuaji, na wakaelewa. Tena maneno yake yalikuwa ya Kiingereza. Katika nchi ambayo shule zake za msingi zilikuwa zikihamia Kiswahili baada ya Elimu ya Kujitegemea ya mwaka 1967, wasomaji wengi hawakuweza kutegemea viputo peke yake. Walilazimika kuusoma ushahidi kama mpelelezi anavyousoma, katika nyuso, mikono na vitu.

Jarida halihitaji umeme, ukumbi wala tiketi. Mtu aliyeshuka Morogoro na mzigo wa mboga aliweza kupanda nalo mlimani. Laura Fair ameonyesha, katika utafiti wake wa kumbi za sinema za mijini, jinsi sinema ilivyokuwa tukio la watu wengi pamoja, la mavazi na mapenzi na kelele. Sinema ya karatasi ilikuwa na jamii yake ya aina nyingine: nakala moja, mikono mingi, na anayesoma Kiingereza akiwafafanulia wasiokisoma. Ikumbukwe kwamba huo ndio mkao wa Bwana Msa na Najum, mmoja akiona na mwingine akiuliza.

Mwaka 1969

Mwaka 1969 unastahili kutazamwa peke yake. Mnamo Januari, Operesheni Vijana ya Umoja wa Vijana wa TANU ilianza kutekelezwa Dar es Salaam dhidi ya sketi fupi, mawigi na suruali za kubana. Kuanzia tarehe 25 Aprili hadi tarehe 1 Mei, chama cha ANC cha Afrika Kusini kilifanya mkutano wake maarufu hapa Morogoro, chini ya Oliver Tambo, ukapitisha waraka wa mkakati na mbinu za mapambano na kufungua uanachama wa tawi lake la nje kwa wasio Waafrika. Katika mwaka huohuo Spear na Sonia, katika mavazi yaleyale yaliyokuwa yakipigwa vita, walikuwa wakisomwa kote Afrika Mashariki.

Spear alitoka upande uleule waliotoka wajumbe wa mkutano. Mji anamoishi hauna jina, lakini una mapolisi weusi, madaktari weusi, matajiri na majambazi weusi, na hauna kibali cha kutembea wala kitongoji cha kutengwa. Ni mji ambao haukuwapo Afrika Kusini. Je, ni ndoto ya ukombozi au ni ufutaji wa ubaguzi kwa kuunyamazia? Wapo wanaomwita Spear kielelezo cha Mwafrika huru wa kisasa, na wapo wanaomwona bidhaa ya mtaji wa Johannesburg iliyowafundisha vijana kupenda wiski. Mimi naona kwamba majibu yote mawili yanaruka swali la kihistoria, yaani swali la nani alisoma nini mahali gani. Msomaji wa Morogoro alikuwa raia wa nchi ambayo mapolisi weusi walikuwa jambo la kawaida. Kwake mji wa Spear haukuwa ndoto, ulikuwa Dar es Salaam yenye magari mazuri zaidi. Mpigania uhuru aliyekuwa akikaa mji huohuo hakuweza kuuona hivyo. Picha ni zilezile, na umbali kati ya wasomaji hao wawili haukuzidi mitaa michache.

Siasa ambayo Spear aliiacha nje iliingizwa baadaye kwa Kiswahili. Katika Kufa na Kupona ya Elvis Musiba, iliyotoka mwaka 1974, Willy Gamba ana mwendo wa Spear na mapenzi yake ya starehe, lakini kinachofuatiliwa ni nyaraka za kamati ya ukombozi wa Afrika. Musiba alichukua vazi na kubadilisha kosa la jinai. Aliyeuawa sasa ameuawa kwa sababu ya kusini mwa Afrika.

Film Tanzania na suala la uhifadhi

Katalambulla, mwandishi wa Simu ya Kifo, ndiye aliyehariri Film Tanzania, jarida la picha mnato lililofuata nyayo za African Film kwa Kiswahili, kwa nyuso na mitaa ya hapa nchini. Umuhimu wake kwa hoja ya makala haya ni mkubwa kuliko umaarufu wake. Mtu aliyeandika riwaya ya upelelezi kwa mwendo wa sinema, alipotaka kusimulia kwa picha, hakusubiri kamera ya Kampuni ya Filamu Tanzania, iliyokuwa na majukumu ya kitaifa. Alitumia kamera ya kawaida. Na hakuliita jarida lake hadithi za picha, aliliita filamu. Historia ya Rosaleen Smyth ya mwaka 1989 kuhusu filamu za kubuni za Tanzania, ambayo bado ni msingi wa kila anayeandika juu ya suala hili, ni historia ya mkanda. Katalambulla na wasomaji wake walilitumia neno hilo kwa upana zaidi, na haieleweki kwa nini matumizi yao yasihesabiwe kuwa ushahidi.

Kamera ya video iliposhusha gharama katika miaka ya 1990, filamu za kibinafsi kama Shamba Kubwa (1995) na baadaye Girlfriend (2003) zilifungua njia ya soko la leo. Hizo zimepata watafiti wake. Majarida ya picha yaliyozitangulia hayajapata, na hali yake ya kimaumbile haimsubiri mtu. Karatasi yake ni duni, ilisomwa hadi ikachakaa, ikafungiwa vitafunio, ikawashiwa moto. Iliyosalia nyumbani mlimani inakabiliwa na unyevu na mchwa. Filamu za Vugiri zenyewe, zilizokuwa na serikali na wafadhili nyuma yake, zimesalia chache mno.

Kwa mtafiti wa Morogoro tatizo hili lina sura ya kiutendaji. Kampasi ya Mazimbu, lililokuwa shamba la mkonge kabla ya ANC kujenga hapo Chuo cha Uhuru cha Solomon Mahlangu na ambayo leo ni sehemu ya Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, inatunza kumbukumbu ya upande mmoja wa mwaka 1969. Upande wa pili, wa vijana waliokuwa wakibadilishana nakala za Spear, unahitaji kukusanywa nyumba kwa nyumba, na nakala zikipatikana zinahitaji kuorodheshwa. Mkutubi atakayezipokea atauliza aziweke wapi. Zikiwekwa chini ya magazeti, mwanahistoria wa filamu hatazikuta. Pendekezo la makala haya ni kwamba zisajiliwe chini ya filamu, kwa jina la mpiga picha, mwigizaji na mtunzi pale yanapojulikana, na kwamba idadi ya picha katika kila toleo iandikwe mahali ambapo kwa filamu nyingine huandikwa urefu wa mkanda.